Jibu: Jupiter-8 kwenye Leica M9, picha za karibu hazitulii

Habari ndugu. Nimekuelewa: Jupiter-8 yako, lenzi ya Kisovieti ya milimita 50, ukiifunga kwa adapta kwenye kamera yako ya dijitali Leica M9 inapiga vizuri vya mbali, ila sura ya karibu kwa f/2 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa) inatoka masikio makali, macho yana ukungu.

Kwanza nenda Coco Beach, lenga meli iliyotia nanga mbali. Taswira mbili unazoziona kwenye kidirisha cha kulengea zikilingana pete ya fokasi ikiwa mwisho (alama ya mbali kabisa), adapta haina shida. Basi ni lenzi: ilifuata vipimo vya kamera za Contax, urefu wa fokasi wa takribani milimita 52.4, wakati Leica inategemea 51.6. Kwa hiyo ukipiga karibu, fokasi huangukia nyuma ya ulicholenga. Filamu ilivumilia, sensa haivumilii.

Laza rula mshazari mezani, lenga alama ya sentimita 15, piga picha, uone kosa ni kiasi gani. Ukishalenga macho, rudi nyuma kiasi hicho ndipo ubonyeze. Mimi kwa f/4, tundu likiwa dogo zaidi, sihangaiki tena. Usiiuze, tafadhali; inavyochora ngozi jioni inapendeza mno.