Hadi diski mbili kwenye utepe mmoja

SWALI: Fundi, habari za kazi. Marehemu baba ameniachia kompyuta ya Pentium III. Nimeongeza hadi diski (kifaa cha kuhifadhia mafaili) ya pili, niliyoitoa kwenye mashine nyingine, ili nihamishe picha za familia. Zote nimezichomeka kwenye ule waya mpana. Sasa BIOS, ile programu inayotangulia mashine inapowashwa, haioni hata moja, wakati ya baba ilikuwa inawaka vizuri. Nimeziunguza?

JIBU: Pole, na usiwe na hofu. Kama ya baba ilikuwa nzima hadi ulipoongeza ya pili, ninachoshuku kwanza ni kwamba zinagombania nafasi moja. Kila moja ilikuwa peke yake kwenye mashine yake, kwa hiyo huenda kila moja bado inajiona ndiyo ya kwanza.

Zima kompyuta, uchomoe na waya wa umeme ukutani. Diski hizi hazichomekwi mashine ikiwa inawaka.

Tazama nyuma ya kila diski, kwenye pini zilizo karibu na tundu la umeme. Utaona jampa, kiplastiki kidogo kilichofunika pini mbili. Ya baba iweke MA (master, diski ya kwanza), maana ndiyo inayowasha mashine, na ya picha iweke SL (slave, ya pili). Usibahatishe. Soma mchoro uliobandikwa juu ya diski, kwa sababu mpangilio hutofautiana. Western Digital nyingi zina mkao wa diski iliyo peke yake na mwingine wa diski ya kwanza yenye mwenzake. Mafundi wengi wamenaswa hapo.

Kisha utepe, yaani ule waya mpana. Ukiwa na kichwa (plagi) cha buluu, hicho ni cha ubao mama, ubao mkuu wa kompyuta. Cheusi cha mwisho ni cha diski ya kwanza, cha kijivu cha katikati ni cha ya pili. Utepe huo una nyaya 80 ingawa pini ni 40: nyaya 40 za ziada ni za ardhi, zinazuia mawimbi yasiingiliane. Ule wa zamani wa nyaya 40 utafanya kazi pia, ila polepole.

Mstari mwekundu pembeni ni upande wa pini namba 1. Kwenye diski nyingi huelekea tundu la umeme. Nasisitiza hili kwa sababu utepe usio na kizuizi huingia hata ukigeuzwa, na hapo diski haitambuliki.

Washa, uingie BIOS. Zikionekana zote, nakili picha kabla ya kitu kingine chochote. Windows ikikuomba kufomati, yaani kufuta diski na kuiandaa upya, kataa.

Zisipoelewana, chomoa utepe wa kisomaji cha sidii kwenye tundu la pili la ubao mama, uweke utepe mwingine hapo; ule wa kwanza ubaki na diski ya baba. Diski ya picha ichomeke kwenye kichwa cha mwisho, peke yake, jampa ikiwa kwenye mkao wa diski ya kwanza.