Fundi mpya, kabla hujaongeza drili ya pili, soma hii kuhusu gari na vyombo vyako

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi ya stima na ya plamingi, wale mmenunua Probox ya kwanza juzi au mnaazimwa gari na mjomba mkipata kazi. Mimi nafanya waya hapa Nakuru, leo Lanet kesho Kiamunyi kesho kutwa Njoro, na mwaka wangu wa tano kwa hii kazi niliibiwa vyombo vyote asubuhi moja. Drili ya kupasua ukuta, grainda mbili, mega ya kupima insulesheni, mashine ya kukrimpi, na roli tatu za waya ya 2.5 ambazo dukani nilikuwa bado nadaiwa. Gari yenyewe hawakuikwaruza, kioo hakuna kilichovunjika.

Nilikuwa nimesimama kwa hadiwea kuchukua mifereji ya waya, dakika kumi hivi, nikafinya rimoti nikiwa nishageuka naenda zangu, sikuangalia kama taa zimemulika, sikusikiza kama milango imelia. Kuna wezi wanatembea na kifaa cha kuziba mawimbi ya rimoti, wewe unafinya gari haisikii, unaenda na roho safi ukijua umefunga. Tangu siku hiyo mimi siachi gari bila kuvuta kipini cha mlango kwa mkono, na cha buti pia, hata kama kunanyesha, hata kama mteja ananipigia simu mara ya tatu. Inachukua sekunde nne tu. Hiyo ndio kitu ya kwanza nafundisha kijana anayekuja kujifunza kwangu, kabla hata ya kumwonyesha rangi za waya.

Lakini kuibiwa sio ndio iliniuma zaidi. Wiki mbili baadaye nikapita mahali wanauza vyombo vya mkono wa pili, zimepangwa juu ya turubai, nikaona drili kama yangu. Nikaiinua. Waya ya drili yangu iliwahi kuguswa na chuma ya kulehemu ikaungua, nikaifunga na tepu ya samawati, tepu ikaisha katikati nikamalizia na nyeusi. Ilikuwa hapo, samawati halafu nyeusi, na hata ile ncha ya tepu niliyokata na meno nikaiona. Nikaita polisi, wakaja kweli, wakaniuliza maswali mawili tu. Siriali namba ni gani? Risiti iko wapi? Sikuwa na hata moja. Muuzaji akatoa karatasi ameandikiwa kwa kalamu kwamba amenunua kwa fulani, na mimi nikabaki nasema tepu, tepu. Nikaiona ikirudishwa juu ya turubai na nikaondoka.

Kwa hivyo hii ndio maneno yangu kwenu. Kufuli ni muhimu na nitaifikia, lakini mwizi wa vyombo haibi ili afanye kazi ya stima, anaiba ili auze, na ataviuza karibu na wewe kwa sababu ndio kuna mafundi wa kuvinunua. Chombo ambacho unaweza kusimama mbele ya mtu yeyote ukathibitisha ni chako ni chombo kigumu kuuza. Anza hapo.

Siku unanunua mashine, kabla haijaingia kwa gari, piga picha ya ile kibandiko yenye siriali namba. Usingoje, kwa grainda hiyo kibandiko inakwaruzwa na kuliwa na vumbi mpaka haisomeki, na ndio maana unaiandika pia kwa daftari linalokaa nyumbani. Risiti nayo piga picha siku hiyo hiyo, hizi risiti za mashine zinachapwa kwa joto, ukiiacha kwa dashibodi ya gari iliyopaki juani baada ya miezi kidogo unabaki na karatasi nyeupe. Picha zote jitumie kwa imeili, kwa sababu simu nayo huibiwa.

Halafu weka alama. Kalamu na tepu zinatoka, rangi ya spreyi inafutwa na thina. Kwa mwili wa plastiki mimi natumia chuma ya kulehemu yenye ncha nyembamba, naandika herufi zangu kidogo kidogo kwa mkono wa kushikia, sio upande wa mota, na sio kwa betri kabisa, betri ya lithiamu ukiipasua na moto utachoma nyumba. Kwa spana, koleo na patasi tafuta seti ya herufi za chuma za kugonga na nyundo, ama mpelekee fundi wa jua kali agonge zote mara moja. Weka alama mahali pawili, moja wazi kila mtu aione, nyingine mahali unajua wewe peke yako, ndani ya kifuniko cha kaboni brashi kwa mfano, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha stima kwa mota. Ile ya wazi inamkatisha mwizi tamaa, ile ya siri ndio utaonyesha polisi. Mwaka juzi grainda ilipotea saiti moja huku Pipeline, ikapatikana kwa fundi mwingine aliyekuwa ameinunua bila kujua, nikamwomba afungue kifuniko kile cha brashi mwenyewe na akasoma herufi zangu. Tulimaliza bila makelele, akaenda kumtafuta aliyemuuzia.

Na nyinyi mkiuziwa mashine bei ya kutupa na mtu hana risiti na anaangalia nyuma, tafadhali wacheni. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu hapa Kenya kinasema kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini imeibiwa ni mpaka miaka 14 jela. Na mbali na jela, huyo unayemnunulia leo ndio kesho atafungua gari yako.

Waya ya kopa ni jambo tofauti, hiyo hata uweke alama haitasaidia. Inachomwa plastiki yote iishe inabaki shaba tupu, inaenda kwa kilo. Mtakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya kuharibiwa kwa laini za stima, baadaye mwaka huo huo wakaifungua tena kwa masharti. Kopa bado ina soko. Roli ya waya isilale kwa gari hata usiku mmoja, nunua ya kazi ya leo, inayobaki iingie nyumbani ama ilale dukani kwa hadiwea unayoelewana nayo.

Sasa gari. Probox ni gari nzuri ya kazi lakini ni vioo pande zote, kila anayepita anasoma mali yako. Mimi nilitengeneza sakafu ya plaiwudi nyuma, juu inaonekana tupu na magunia mawili, chini yake kuna sanduku la chuma lililochomelewa mtaa wa Shabab hapa Nakuru, limefungwa kwa bolti zinazopita sakafu ya gari na nati zikachomelewa kwa chini zisifunguke na spana. Kufuli chagua ile ya duara ambayo chuma yake haionekani sana, ile ya kawaida yenye mkono mrefu inakatwa na mkasi wa bolti mara moja. Ukipaki, rudisha nyuma mpaka buti ikaribie ukuta, buti isiyoweza kuinuka haifunguki hata mtu akiwa na funguo. Kama ni van ya milango ya kutelezesha, upande wa mlango ndio uusogeze ukutani.

Traka ni nzuri na ukiweza weka, pamoja na swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta, lakini jueni traka inalinda gari, haijui drili imetoka. Bima nayo ni hivyo hivyo. Ile ya thad pati ambayo wengi wetu tunabandika ili tusishikwe barabarani hailipi gari yako ikiibiwa, na hata komprihensivu mara nyingi inahesabu gari na sio vyombo vilivyo ndani. Uliza kabla ya kulipa, uonyeshwe mahali imeandikwa vyombo vya kazi.

Usiku ukiweza toa kila kitu. Najua umechoka, najua unaishi floo ya nne. Mimi nina mifuko miwili yenye mishipi, mashine za bei zote zinaingia humo na napanda nazo, sanduku linabaki na vitu vya uzito tu. Usiku mbaya zaidi ni wa mvua, mabati yakipigwa hakuna anayesikia kioo, na stima ikipotea kamera na taa za ploti zinalala pamoja. Soja wa ploti msalimie kwa jina lake, siku ya mvua mpelekee chai, mtu unayemjali anatoka nje akisikia kitu.

Saiti ndio mahali vitu hupotea kidogo kidogo, na hapa nawaomba msikimbilie kushuku watu wa mkono. Mara nyingi nimeona testa inatafutwa kwa hasira, kijana wa watu anatukanwa, halafu inapatikana juu ya boksi ya swichi mahali fundi mwenyewe aliiacha. Tandaza turubai, asubuhi panga vyombo vyote piga picha moja, jioni panga tena ukilinganisha na picha kabla mtu yeyote hajaondoka. Dakika tano. Hakuna anayeitwa mwizi na hakuna kitu kinapotea bila kujulikana siku hiyo hiyo.

Na wacheni kuposti mashine mpya kwa status na kuandika leo niko saiti fulani mpaka saa kumi na mbili. Posti kazi ikiisha, tena ukiwa umefika nyumbani. Stika ya gari mimi nimebakisha jina na namba ya simu kwa sababu zinaniletea kazi, picha ya drili na grainda nikabandua.

Ikitokea umeibiwa, usioshe gari wala kupanga vitu vilivyobaki. Piga picha vile ilivyo, nenda stesheni ya karibu saa hiyo hiyo ukiwa na siriali namba, hakikisha zimeandikwa zote moja moja kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, usikubali kuandikiwa "vyombo vya kazi" na basi, kisha omba abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha uliripoti. Tuma hizo picha na namba kwa grupu za mafundi na kwa wanaouza vyombo vya mkono wa pili unaowajua, siku ya kwanza, kabla mali haijapata mnunuzi. Na namba ya OB iandike kwa lile daftari la nyumbani, kando ya kila mashine iliyoenda, kwa sababu inaweza kupita hata mwaka mzima kabla fundi mmoja hajakupigia akisema ameona herufi zako mahali.