Simu ya zamani kama redio ya muziki garini

Ndugu, umeuliza kama simu yako ya zamani ya Android, yenye hifadhi ya GB 8, inaweza kukupigia muziki garini. Inatosha kabisa, ilimradi ina nafasi ya memori kadi na tundu la hedifoni. Angalia kwanza inapokea kadi ya ukubwa gani. Nyingi za zamani huishia GB 32. Hiyo hubeba takriban nyimbo 3,000 za dakika nne kwa MP3 ya kbps 320 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti: ikiwa kubwa, faili huwa kubwa), na kwa kelele za barabarani kbps 192 haina ubaya: utapata kama 5,000.

Simu ikikuuliza kadi iwe hifadhi ya kubebeka au ya ndani, chagua ya kubebeka. Ukichagua ya ndani, simu huifunga kwa usimbaji wake (huificha kwa msimbo) na kompyuta haitaisoma. Jihadhari pia na kadi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 512: mara nyingi ni bandia, hazina nafasi hiyo. Zijaribu kwa H2testw, programu ya kupima nafasi halisi ya kadi, kwenye Windows kabla hujajaza nyimbo.

Shida kubwa ni mlio. Ukiunganisha waya wa AUX (wa kutoka tundu la hedifoni hadi redio ya gari) huku unachaji kwenye soketi ya kiberiti, utasikia kelele inayopanda kila ukikanyaga mafuta. Chomoa chaja. Ikinyamaza, basi simu na redio zimekutana kwa njia mbili za ethi (waya wa ardhi wa umeme): moja ya chaja, moja ya AUX. Weka kichujio cha ethi (ground loop isolator) katikati ya waya wa AUX, au tumia Bluetooth kama redio inayo.

Sauti ya simu iache karibu na juu kabisa, upunguzie kwenye redio. Na usiiache simu kwenye dashibodi juani: betri inaweza kuvimba.