Forehendi yangu inatoka nje kila saa, nifanyeje?

SWALI: Habari kocha. Nimeanza tenisi mwaka huu hapa Nairobi, bekihendi inaingia vizuri tu lakini forehendi, lile pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, ndo inanitesa, nikipiga kwa nguvu mpira unaenda kugonga fensi, nikipunguza unaishia kwenye neti. Jamaa ninaocheza nao wanasema nichezeshe kifundo cha mkono zaidi. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hapana, kifundo kiache kwanza, ukikilazimisha utaumia bure. Kwa unavyoeleza, raketi yako inaenda moja kwa moja mbele na mpira unaupiga bapa, sasa hapo hauna cha kuushusha, ni nje au neti. Kinachoushusha ni topspini, yaani mpira kuzunguka kwenda mbele, na topspini unaipata raketi ikianzia chini ya mpira, ikausugua kwenda juu halafu ikamalizikia begani. Na usiogope kuupandisha! Neti pale katikati ina sentimita 91 tu, upitishe hata mita nzima juu yake, utashuka wenyewe.

Halafu angalia unavyoshika. Wengi wanashika mpini kama wanampa mtu mkono, si vibaya, ila kwa shida yako geuza mkono kidogo kulia (kama unatumia wa kulia) kiganja kiende chini ya mpini, hapo uso wa raketi unafunga kidogo, yaani unainamia chini. Usiukabe mpini lakini, ukiukaba mkono wote unakakamaa.

Mabega nayo yageuke mapema, kabla mpira haujadunda upande wako, mkono wa kushoto ukiisindikiza raketi. Tafuta video za Angella Okutoyi, yule Mkenya aliyechukua Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022, mpira usiuangalie kabisa, angalia mabega tu.

Kingine si kosa lako, Nairobi iko juu, kama mita 1,700, hewa nyepesi na mpira unapaa kuliko Mombasa. Kuna mipira maalum ya sehemu zilizozidi mita 1,219, iulizie dukani.

Mazoezi anzia kwenye mstari wa sevisi, ule ulio kati ya neti na mstari wa nyuma, dondosha mpira mwenyewe mbele kidogo ya mguu wa kushoto, ukidunda ukafika kiunoni piga, taratibu, chini kwenda juu. Ikianza kuingia mfululizo ndo urudi nyuma hatua mbili tatu, ikigoma sogea tena mbele.