Urujuani wa Usambara: kwa nini mwamba huu, si ule?

SWALI: Nalima iliki karibu na Amani. Kando ya kijito kuna mwamba uliojaa vimaua vya zambarau, majani yake yana manyoya. Nikipanda juu kidogo mawe yapo tele, ua hakuna. Tatizo ni udongo? Na kweli halipatikani nje ya Usambara? Ningependa kulihamishia nyumbani. – Msomaji, Muheza

JIBU: Udongo hauna neno, ndugu yangu. Mmea huo, urujuani wa Usambara, unatosheka na mboji kidogo iliyonasa kwenye ufa. Unachotaka ni kivuli na unyevu, vyote kwa pamoja. Ukirudi hapo kijitoni tazama vizuri: mingi imeshika upande uliosimama wima, penye kuvumwani mbichi. Mbegu zake ni kama vumbi. Zikidondoka chini msituni hufunikwa na majani makavu kabla hazijaota, lakini ubavuni mwa jiwe majani hayakai.

Huko juu, angalia kwanza miti. Jua la saa sita likilipiga jiwe, kuvumwani hukauka, na miche hufa nayo. Iliki huacha miti mikubwa, ni kweli, ila miche ya miti hufyekwa kila palizi. Mikongwe ikianguka hakuna ya kuirithi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko wachuma maua.

Usambara si kwao peke yake. Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea Mjerumani, aliueleza mmea huu kisayansi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha, kutokana na mimea iliyotoka Usambara kupitia kwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani. Siku hizi umewekwa katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Streptocarpus, ingawa wengi wetu bado tunasema Saintpaulia. Jamaa zake wako milima ya Nguru na Uluguru, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, kwenye Milima ya Taita, hata kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, karibu kabisa na pwani. Aina ya Taita inajulikana kutoka kilima cha Mbololo tu.

Kuhamisha: usiung'oe. Mwamba ukiwa ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Amani, hata jani usichume bila kibali. Ukiwa shambani kwako, jani moja lenye kikonyo linatosha. Lichomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu, na maji yapite chini. Yakituama juu ya yale manyoya, jani huoza.