Hiyo 2147483647 ambayo pointi za gemu langu zimegandia ni namba tasa kweli?

Ndio kaka, ni namba tasa, na pointi za gemu lako kugandia hapo sio bahati mbaya, ndo mwisho wa kompyuta kuhesabu kwa biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) zenye alama ya chanya na hasi, yaani 2 jizidishe mara 31 alafu toa 1. Raha yenyewe sasa ni kwamba mwanahisabati Euler alithibitisha hilo mwaka 1772, hana kompyuta wala kalkuleta. Kwa kawaida ungegawa kwa kila namba tasa mpaka ufike kipeuo chake cha pili, kama 46340 hivi, si utakesha! Yeye akaonyesha kigawanyo chochote cha hiyo namba, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Basi, ukichukua namba tasa za hivyo tu, unaanza na 311, inayofuata 1303, katikati hapo zote unaruka. Mi nimeijaribu hiyo 311 kwa simu saa hizi nikiwa kwenye foleni ya Tazara, daladala haisogei, nikapata 6905092 inabaki 35, kwahiyo haigawanyiki. 1303 nakuachia wewe, konda ashaanza kudai nauli