Friji linalia "tik" kisha linanyamaza: pima kwanza

Mkuu, friji la miaka 12 lenye taa inayowaka lakini kompresa (mota inayosukuma gesi) inalia "tik" kila dakika chache, usikimbilie dukani. Umeme mdogo nao huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo pima volti kwanza. Kisha chomoa waya ukutani, fungua kifuniko ubavuni mwa kompresa, vuta rilei (kifaa kidogo cha kuwashia kompresa) uitikise. Ikichakacha ndani, imekufa, na hiyo ni spea ya bei ndogo.

Rilei ikiwa nzima, pima pini tatu za kompresa kwa mita iliyowekwa kwenye omu (kipimo cha ukinzani), mbilimbili. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vinapaswa kukaribia kile kikubwa. Halafu weka mita kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye bati la kompresa ulilokwangua rangi: ukisikia mlio wa mita, kompresa imeungua. Kwa umri huo nunua friji jingine tu, maana kompresa mpya inadai draya mpya (kichujio cha unyevu), kuvuta vakyumu (kutoa hewa yote mabombani) na kujaza gesi.

Kompresa ikinguruma muda wote bila baridi, mara nyingi gesi imevuja. Tundu kwenye mabomba ya nyuma linazibika; likiwa ndani ya ukuta wa foamu, achana nalo. Fundi anayejaza gesi bila kuziba tundu anakuuzia wiki chache. Kibandiko cha friji kikisema R600a (gesi inayoshika moto), asiwashe moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa nje; inalipuka.